Mawingu Yasiyo Dalili ya Mvua

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na kwa karne nyingi hapakuwa na sababu ya kuwabishia. Wingu kupita bila kunyesha si jambo geni, hilo linajulikana. Jambo jipya ni wingu lililojaa maji, limetanda kutwa nzima, jeupe na zito, lakini linashindwa kunyesha kwa sababu maji yake yamegawanyika kuwa vitone vidogo mno visivyoweza kuanguka. Na kilichoyagawanya ni moshi wetu.

Tumezoea kuuzungumzia moshi kama adui wa mapafu. Ni adui kweli, na nitalirudia hilo mbele. Lakini moshi haukomei puani. Unapanda, unaingia ndani ya wingu, unalibadilisha rangi, umri na tabia. Wingu lililobadilishwa hivyo hurudisha mwanga mwingi zaidi wa jua angani, na kwa miongo mingi limekuwa likituficha sehemu ya joto tulilolisababisha wenyewe. Sasa nchi nyingi zinasafisha hewa yake, na joto lililofichwa linajitokeza. Wapo wanaolichukua jambo hili wakalifanya hoja ya kuvumilia moshi. Naiona hoja hiyo kuwa mbovu na ya hatari. Hata hivyo siwezi kuijibu kwa haki bila kukubali kwanza kwamba fizikia ambayo hoja hiyo inaiegemea ni ya kweli.

Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, utie maji kidogo ya uvuguvugu, funga, tikisa. Iminye kwa nguvu kwa mikono miwili, kisha iachie ghafla. Huoni kitu, au unaona ukungu hafifu unaotoweka. Sasa washa njiti ya kiberiti, izime, uingize moshi wake mdomoni mwa chupa na kufunga upesi. Minya tena, achia. Safari hii chupa nzima inajaa ukungu mweupe. Ukiminya unapotea, ukiachia unarudi. Nimelifanya jaribio hili mara nyingi mbele ya watoto na kila mara huulizwa swali lile lile: kumbe moshi ndio unaogeuka kuwa wingu? Hapana. Moshi ulioingia ni uzi mwembamba tu. Ule ukungu ni maji yaliyokuwamo tangu mwanzo, katika hali ya mvuke, yakikosa mahali pa kushika. Moshi umeyapa mahali hapo.

Mfaransa Paul-Jean Coulier aliliona jambo hili mwaka 1875, na miaka michache baadaye Mskoti John Aitken akalichunguza kwa undani hadi akatengeneza chombo cha kuhesabia chembe za vumbi hewani. Walichokigundua hakijapingwa hadi leo: kila kitone cha wingu kina chembe katikati yake. Hewa isiyo na chembe kabisa ingelazimika kubeba mvuke mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida ndipo vitone vijiunde vyenyewe, na hali hiyo haitokei katika anga tunaloishi chini yake. Asili ina chembe zake: chumvi inayorushwa na mawimbi, vumbi la jangwani, gesi zinazotolewa na viumbe vidogo vya baharini, mvuke wenye harufu utokao kwenye misitu. Sisi tumeongeza zetu. Kubwa kuliko zote katika habari hii ni ile inayotokana na salfa. Ukichoma makaa ya mawe au mafuta mazito, salfa iliyomo inatoka ikiwa gesi, na gesi hiyo ikiwa hewani hubadilika kuwa chembechembe za salfeti zinazopenda maji kupita kiasi.

Hapa ndipo hesabu inapoanza kushangaza. Maji ya wingu ni yale yale, ila sasa wanaoyagombania wameongezeka. Tone moja ukiligawa kuwa vitone 8 vilivyo sawa, kila kimoja kitakuwa na kipenyo cha nusu ya tone la awali, lakini ukijumlisha nyuso zao zote utapata eneo mara 2. Mwanga unaogonga wingu hilo unakutana na nyuso nyingi zaidi za kuurudisha ulikotoka. Ni kama kioo cha dirisha: kikiwa kizima unaona ng'ambo, ukikisaga kinakuwa unga mweupe. Mwanasayansi wa mawingu Sean Twomey ndiye aliyeliandika hili waziwazi mwaka 1974, kwamba uchafu hulifanya wingu liwe jeupe zaidi. Neno hilo huwagonga watu vibaya wanapolisikia mara ya kwanza, kwa kuwa tumezoea kwamba uchafu hutia weusi.

Mwaka 1989 mwanasayansi mwingine, Bruce Albrecht, aliongeza jambo la pili. Ili litokee tone moja la mvua, vitone vya wingu kama milioni moja hulazimika kuungana. Vikubwa huanguka haraka kuliko vidogo, vikigongana navyo njiani na kuvimeza. Vyote vikiwa vidogo na vya ukubwa mmoja, hakuna anayemfikia mwenzake. Vinaelea tu. Wingu linachelewa kunyesha, linaishi muda mrefu zaidi, na muda wote huo linaendelea kuzuia jua.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho, tazama picha za setilaiti za maeneo ya bahari yaliyofunikwa na mawingu ya chini. Katikati ya miaka ya 1960, setilaiti za mwanzo za hali ya hewa zilionyesha mistari myembamba ya ajabu juu ya Bahari ya Pasifiki, imekatiza mawingu ya kijivu kama mtu aliyepitisha chaki ubaoni. Mingine ilikuwa na urefu wa mamia ya kilomita. Chini ya kila mstari, kwenye ncha yake, palikuwa na meli. Meli haikutengeneza wingu. Ilipita chini ya wingu lililokuwapo, moshi wa bomba lake ukapanda ukalipasua vitone. Sijui picha nyingine inayoonyesha kwa uwazi kama huu jinsi chombo kimoja kinavyoandika jina lake angani.

Kisha likaja jaribio ambalo hakuna mwanasayansi angeruhusiwa kulifanya kwa makusudi. Tarehe 1 Januari 2020, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilishusha kiwango cha juu cha salfa kinachoruhusiwa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Lengo lilikuwa afya, hasa ya watu waishio karibu na bandari na njia za meli. Gesi ya salfa kutoka melini ilipungua kwa zaidi ya asilimia 70, na ile mistari ya chaki ikaanza kufutika katika picha za setilaiti. Hata radi zilipungua. Mwaka 2017 watafiti walikuwa wameonyesha kwamba juu ya njia za meli zinazotoka Bahari ya Hindi, kupitia Mlango wa Malaka, hadi Bahari ya Kusini ya China, radi zilipiga karibu mara 2 kuliko kwenye maji ya jirani, kana kwamba dhoruba zilichorewa ramani. Baada ya sheria ya 2020 tofauti hiyo ikashuka kwa karibu nusu. Unabadilisha mafuta kwenye tangi, radi zinapungua angani.

Miaka 2023 na 2024 ilipovunja rekodi za joto, mwaka 2024 ukifikia takribani nyuzi 1.55 juu ya kiwango cha kabla ya zama za viwanda kwa mujibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, macho mengi yakageukia meli. Naona lawama ilikuzwa mno. Makadirio mengi yanauweka mchango wa sheria ile katika sehemu chache za mia za nyuzi moja. Si kitu cha kupuuza, lakini hakiwezi peke yake kubeba miaka miwili ya rekodi. Sheria ya meli ni tawi moja tu la mti mkubwa. Marekani na Ulaya zilianza kupunguza salfa kwa kasi tangu miaka ya 1980, na China imepunguza yake kwa zaidi ya theluthi mbili tangu kilele chake katikati ya miaka ya 2000. Ukijumlisha yote, kivuli kinaondoka juu ya nusu nzima ya kaskazini ya dunia.

Kivuli hicho ni kikubwa kiasi gani? Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, katika ripoti yake ya 2021, lilikadiria kwamba gesi joto, yaani zile zinazonasa joto angani kama hewa ukaa, peke yake zilikuwa zimeipasha dunia kwa nyuzi zipatazo 1.5 kufikia mwongo wa 2010 hadi 2019. Lakini joto lililopimwa lilikuwa nyuzi 1.1. Tofauti ile, karibu nyuzi 0.4, kwa sehemu kubwa ni kazi ya chembechembe, na ndani yake mchango mkubwa zaidi ni wa chembechembe zinazopitia mawinguni kuliko zile zinazozuia jua moja kwa moja. Hii ndiyo namba ninayotamani kila anayezungumzia tabianchi aikumbuke. Hatujawahi kuishi katika joto letu halisi. Tumeishi katika joto lililopunguzwa na sumu.

Basi hoja ya mtetezi wa moshi iko hapo, na sikatai kwamba ina mvuto: kama moshi unapoza, kwa nini tuna haraka ya kuuondoa? Jibu la kwanza liko hospitalini. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya mapema vipatavyo milioni 7 kila mwaka kutokana na hewa chafu, ya nje na ya ndani ya nyumba. Mnamo Desemba 1952, kuanzia tarehe 5 hadi 9, London ilifunikwa na ukungu wa moshi wa makaa ya mawe. Hesabu za mwanzo zilisema watu 4,000 walikufa, za baadaye zikafikia 12,000. Anayependekeza tuendelee kujipoza kwa njia hiyo aseme pia ni mapafu ya nani yatakayotumika.

Jibu la pili halisikiki sana, nami naliona zito zaidi. Moshi haupozi dunia sawasawa. Unapoza pale ulipo na pale upepo unapoupeleka, na ukipoza upande mmoja kuliko mwingine, mvua inahama. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi miaka ya 1980, ukanda wa Sahel, kusini mwa Jangwa la Sahara, ulikumbwa na ukame ambao haukuwa na mfano katika karne ile. Mifugo ilikufa kwa wingi, watu wakafa njaa, jamii nzima zikahama. Na kwa miaka mingi maelezo yaliyokubalika zaidi yaliwalaumu wafugaji wenyewe: eti mifugo yao ilikuwa mingi mno, ikala majani hadi ardhi ikabaki uchi, mvua ikakimbia. Maelezo hayo yaliingia katika mipango ya misaada, katika sera za ardhi, katika namna mfugaji alivyotazamwa na ofisa.

Utafiti uliofuata ulionyesha picha nyingine. Mvua ya Sahel hufuata halijoto ya bahari, hususan tofauti kati ya maji ya kaskazini na ya kusini. Miaka ile ndiyo viwanda vya Ulaya na Amerika Kaskazini vilikuwa vikimwaga salfa kuliko wakati wowote. Atlantiki ya Kaskazini ikapoa kuliko ya kusini, na ukanda wa mvua wa tropiki, ambao daima huegemea upande wenye joto, ukasogea kusini na kuiacha Sahel kavu. Salfa ilipopungua, mvua nayo ikaanza kurudi kwa kiasi. Sisemi moshi ulikuwa sababu pekee. Bahari zina mizunguko yake, na matumizi ya ardhi nayo yana sehemu yake. Lakini mchango wake unaonekana katika mfano wa kompyuta mmoja baada ya mwingine. Mfugaji aliyezika ng'ombe wake alihukumiwa kwa kosa ambalo sehemu yake ilitoka kwenye mabomba ya moshi yaliyo maelfu ya kilomita kaskazini, katika nchi ambazo hakuwahi kuzikanyaga. Sijasikia aliyewaomba radhi.

Kupungua kwa mvua za monsuni, zile mvua kubwa za msimu za Asia Kusini, katika nusu ya pili ya karne ya 20 nako kumehusishwa na chembechembe kwa njia inayofanana. Kwa hiyo anayesema "moshi unatupoza" ajiulize anaposema "tu" anamaanisha nani. Kivuli kinaweza kumwangukia mmoja, ukame ukamwangukia mwingine.

Jibu la tatu ni la muda. Chembe ya salfeti iliyo katika anga la chini hukaa siku chache, pengine wiki mbili, kisha mvua huiosha. Hewa ukaa inayotoka kwenye bomba lile lile, sekunde ile ile, sehemu yake itabaki kwa karne na karne. Kila kilo ya makaa ya mawe inayochomwa leo inanunua kivuli cha wiki moja kwa joto la vizazi. Ili kivuli kisipungue itabidi uchome tena wiki ijayo, na inayofuata, huku joto likirundikana nyuma ya pazia.

Niseme kidogo kuhusu masizi, maana si kila moshi hupoza. Masizi meusi kutoka injini za dizeli, kuni na moto wa misitu hufyonza jua badala ya kulirudisha. Yakiwa ndani ya wingu au karibu nalo, huipasha hewa na kulikausha wingu. Yakitua kwenye theluji, huifanya ikusanye joto na kuyeyuka mapema. Kuyaondoa masizi ni faida kwa mapafu na kwa tabianchi kwa pamoja, na hakuna mjadala wa kivuli hapo.

Yaliyobaki ni magumu, na ugumu wake una maana kisiasa. Wataalamu hawakubaliani kuhusu ukubwa kamili wa kivuli. Ile ripoti ya 2021 inaupa upoaji huo nafasi ya kuanzia sifuri hadi nyuzi 0.8. Ili kujua moshi umeongeza nini, sharti ujue wingu lilikuwaje kabla ya moshi, na wakati ule hapakuwa na aliyelipima. Huko Geneva, katika chumba cha chuma cha jaribio la CLOUD la CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, watafiti walionyesha mwaka 2016 kwamba mvuke wa miti unaweza kuunda chembe mpya bila msaada wa asidi ya salfa. Maana yake anga la kale halikuwa safi kama lilivyodhaniwa, na pengine tofauti tuliyoileta ni ndogo kidogo kuliko ilivyokadiriwa. Nako Iceland, ufa wa volkano wa Holuhraun ulifunguka mwishoni mwa Agosti 2014, ukamwaga lava na gesi kwa miezi sita; mwezi Septemba ulitoa gesi ya salfa kwa siku mara 3 au zaidi ya ile ya Ulaya nzima. Setilaiti ziliona vitone vikipungua ukubwa, kama Twomey alivyosema. Lakini kiasi cha maji mawinguni hakikubadilika sana, jambo lililowafanya wengi waamini athari ya umri wa wingu ni ndogo, hadi uchambuzi mwingine wa 2022 ulipoonyesha kwamba eneo lililofunikwa na mawingu lilikuwa limeongezeka.

Kwa nini mwananchi wa kawaida ajali haya? Kwa sababu kivuli kikiwa kikubwa, maana yake gesi joto zina nguvu zaidi ya tunavyodhani, na joto litakalokuja hewa ikisafishwa litakuwa kali zaidi. Kikiwa kidogo, tuna muda kidogo zaidi. Setilaiti ya EarthCARE, iliyorushwa Mei 2024 na mashirika ya anga ya Ulaya na Japani, imepelekwa huko kupima mawingu na chembe kwa pamoja. Naiona kuwa miongoni mwa fedha zilizotumika vizuri zaidi katika sayansi ya miaka hii.

Wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi: kuyang'arisha mawingu ya baharini kwa makusudi kwa kunyunyizia chumvi, wazo lililotolewa na mwanafizikia John Latham mwaka 1990. Chumvi haina sumu ya salfa, nakubali. Lakini baada ya Sahel sitaki kusikia juu ya kuhamisha kivuli hadi nijue mvua itahamia wapi, na nani ataulizwa kabla.

Kuna njia iliyo karibu zaidi, nayo ndiyo ninayoitetea. Methani, gesi joto nyingine, inakaa angani kwa miaka kama 12, si karne. Katika hesabu ile ile ya Jopo, mchango wake katika joto la sasa ni karibu nyuzi 0.5. Iweke namba hiyo kando ya nyuzi 0.4 za kivuli tunachokipoteza. Zinakaribiana mno, na zote mbili hubadilika ndani ya maisha ya mtu mmoja. Tukipunguza methani kwa nguvu wakati tunaondoa salfa, hewa inaweza kusafishwa bila joto kuruka ghafla, huku kazi ndefu ya kuachana na hewa ukaa ikiendelea. Zaidi ya nchi 100 zilijiunga Glasgow mwaka 2021 na ahadi ya kupunguza methani duniani kwa asilimia 30 ifikapo 2030, zikilinganisha na 2020. Sehemu ya kazi hiyo ni ya fundi mwenye spana: valvu inayovuja kwenye kisima cha gesi au mafuta, bomba lililopasuka, mwenge wa kuchomea gesi uliozimika ukaachwa ukitema gesi mbichi. Setilaiti sasa zinaona uvujaji mkubwa na mahali ulipo. Waziri anayetia saini kanuni ya kupunguza salfa katika mafuta anapaswa kuwekewa mezani, siku hiyo hiyo, orodha ya visima na mabomba yanayovuja nchini mwake, yenye tarehe ya kuzibwa kando ya kila kimoja.